Neno "payoff" na mkono unaopokea

Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya katika kazi ya tafsiri lilikuwa la neno moja. Habari yenyewe ilikuwa fupi, aya nne tu, kuhusu meneja aliyeondoka kazini kabla mkataba wake haujaisha. Aya ya pili ilisema ameondoka na "pay-off" kubwa. Nikaandika kwamba ameondoka baada ya kupokea hongo nono. Sikusita hata kidogo. Neno hilo nilikuwa nimelizoea katika habari za mahakamani, na huko kila nilipolikuta lilikuwa fedha ya kumziba mtu mdomo.

Usiku ule, ukurasa ukiwa unakaribia kufungwa, mhariri alinipigia simu. Hakunifokea. Aliuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, huyu bwana alihongwa na nani?"

Nikairudia habari mstari kwa mstari. Hapakuwa na mhongaji. Hapakuwa na kesi, wala shahidi, wala siri. Palikuwa na kampuni iliyotaka meneja wake aondoke bila vurugu, ikamlipa miezi iliyobaki katika mkataba na nyongeza juu yake. Yaani kitu kilicho karibu na kiinua mgongo. Kwa herufi chache ningemfanya mtu mla rushwa mbele ya wasomaji, na jina lake lilikuwa pale pale kwenye sentensi.

Swali la mhariri halijanitoka hadi leo, kwa sababu ndilo swali ambalo Kiingereza hakikuulizi. Neno "payoff" linatimiza kazi yake bila kumtaja aliyetoa, aliyepokea, wala kama fedha hiyo ni halali. Kiswahili hakikuachii. Kabla hujaandika neno, umeshachagua: malipo, hongo, faida, tija, mafao, matunda, ushindi. Kila moja lina hukumu yake ndani.

Tuanze na mzizi, maana unasaidia. Kitenzi "pay" kiliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na Kifaransa kilikipata kwenye Kilatini "pacare", yaani kutuliza, kitenzi kilichozaliwa na "pax", amani. Kulipa kulikuwa kumtuliza mtu unayedaiwa naye. Picha hiyo mimi naipenda, kwa sababu kila aliyewahi kudaiwa anaijua: mdai ni mtu asiyetulia, simu yake unaiogopa, na siku ukimaliza kumlipa kinachorudi kwanza ni usingizi. Halafu kuna hicho kijineno cha mwisho, "off", ambacho watu wengi hukipita kama mkia tu. Kumbe uzito wote uko hapo. Kinasema jambo limekwisha, na mara nyingi kinasema pia kwamba mtu ameachana na jambo hilo.

Mfano unaonionyesha hayo mawili kwa pamoja ni wa mabaharia. Katika jeshi la majini la Uingereza zamani, mabaharia wengi walikuwa hawalipwi mshahara wao wote hadi meli imalize muda wake wa utumishi na kurudi nyumbani. Siku hiyo meli ilikuwa "inalipwa": hesabu zinafungwa, kila mtu anapewa chake, na kundi zima linatawanyika. Hadi leo kuna bendera nyembamba na ndefu sana ambayo meli hupandisha inapomaliza utumishi wake, na jina lake la Kiingereza limebeba kitenzi hicho hicho. Fikiria baharia amesimama kwenye foleni sitahani. Anachopewa mkononi ni mshahara, lakini pia ni kwaheri. Akishapokea hana tena pa kulala melini. Ukilielewa hilo hutashangaa kwa nini Mwingereza wa leo analitumia neno lile lile kwa fedha anazopewa mtu ili aache kazi. Mimi ningelielewa hilo mapema, nisingemtukana yule meneja.

Kisarufi kuna mambo matatu yanayotokea, na mtafsiri akiyatazama hayo kwanza atapona mitego mingi. Kitendwa, yaani kile kinachotajwa baada ya kitenzi "pay off", kikiwa deni, maana ni kumaliza deni. Kitendwa kikiwa mtu, basi tahadhari: inaweza kuwa mfanyakazi anayeachishwa na haki zake, au inaweza kuwa shahidi anayenyamazishwa. Na pasipokuwa na kitendwa kabisa, kazi yenyewe ndiyo inayolipa: mafunzo yamelipa, subira imelipa. Zipo pia sentensi ambazo kitendwa ni chuki au deni la zamani la moyoni, na hapo tunarudi nyumbani moja kwa moja, kwa sababu nasi husema kulipa kisasi na kulipiza.

Hiyo ya tatu, isiyo na kitendwa, wako watu wanaosema Kiswahili hakina. Si kweli. Sikiliza vijana wakizungumza: "hii kazi inalipa", "kusoma usiku kumelipa". Wapo wanaoliona hilo kuwa Kiingereza kilichovaa kanzu, na huenda kweli lilianzia huko. Lakini limekaa vizuri mdomoni na linachukua viambishi vyote bila kulalamika: halilipi, lingelipa, limeanza kulipa. Mimi nalitumia bila aibu. Ninachokataa ni kulitumia kila mahali hadi "kuzaa matunda" na "kuleta tija" zisahaulike, kwa sababu hazisemi jambo moja. Kinacholipa kinaweza kulipa leo leo. Kinachozaa matunda kimechukua muda.

Kwenye mikopo neno hili ni la hatari kwa namna nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu linagusa mifuko. Nchini Marekani mtu mwenye mkopo wa nyumba au gari hukutana na viwango viwili: salio, na kile wanachokiita kiasi cha "payoff". Mgeni wa lugha hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Salio ni deni lililoandikwa siku taarifa ilipotolewa. Kile kingine ni fedha kamili zitakazolifuta deni siku unayoilipa hasa, pamoja na riba iliyoongezeka hadi siku hiyo, na pengine ada ambazo hujazilipa au adhabu ya kulipa mapema kama mkataba unayo. Chukua deni la dola 10,000 kwa riba ya asilimia 7.3 kwa mwaka, inayohesabiwa kila siku. Riba ya siku moja ni dola 2. Ukilipa siku ya 12 baada ya taarifa, ukituma 10,000 kamili, umebakiza dola 24, na mkopo haujafungwa. Umelipa sana, lakini hujamaliza. Ndiyo maana kwa Kiswahili siandiki "kiasi cha malipo", ambacho kinaweza kuwa malipo ya mwezi. Naandika "kiasi cha kufuta deni". Ni refu zaidi, na linamwambia msomaji anachohitaji kujua.

Katika hadithi na vichekesho, neno hilo ni ile sehemu ambapo kilichopandwa mwanzoni kinavunwa. Hapa sisi tumekuwa navyo vitenzi vyetu tangu zamani, kutega na kutegua, na sioni sababu ya kuhangaika.

Shida ya kweli nilikutana nayo nilipopewa kutafsiri sura ya utangulizi ya somo la uchumi, sehemu inayohusu nadharia ya michezo. Nadharia hiyo ilipata umbo lake kubwa mwaka 1944, mwanahisabati John von Neumann na mwanauchumi Oskar Morgenstern walipochapisha kitabu chao kuhusu michezo na mwenendo wa kiuchumi. "Mchezo" kwao ni hali yoyote ambayo utakachokipata kinategemea uamuzi wako na uamuzi wa mwenzako pia. Na kile utakachokipata ndicho wanachokiita "payoff". Neno liko kila ukurasa. Mara ya kwanza niliandika "faida", nikaendelea kwa kurasa kumi na moja nikiwa na amani kabisa.

Ukurasa wa 12 ulikuwa na jedwali la watuhumiwa wawili. Mfano huo ni maarufu: Merrill Flood na Melvin Dresher wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, waliubuni mchezo wenyewe mwaka 1950, na mwanahisabati Albert Tucker akauvisha hadithi ya wafungwa. Watu wawili wamekamatwa, kila mmoja yuko chumba chake, hawawezi kuzungumza. Katika jedwali langu, wote wakinyamaza, kila mmoja anafungwa mwaka 1. Wote wakitajana, kila mmoja miaka 5. Mmoja akimtaja mwenzake aliyenyamaza, aliyetaja anaachiwa huru na aliyenyamaza anakwenda miaka 10. Ndani ya visanduku, namba zilikuwa 0, -1, -5 na -10. Nikaandika, kwa kufuata nilivyoanza: "Faida ya mtuhumiwa wa pili ni -10."

Nikaiangalia sentensi hiyo jioni nzima. Faida ya miaka kumi gerezani.

Kabla ya kusema nilivyoitatua, tazama mchezo wenyewe unavyokwenda, kwa sababu bila namba hizo hauelezeki. Mimi nikiwa mmoja wao, najiuliza: mwenzangu akinyamaza, je? Nikinyamaza napata -1, nikimtaja napata 0. Afadhali kumtaja. Na yeye akinitaja? Nikinyamaza napata -10, nikimtaja napata -5. Bado afadhali kumtaja. Yeye naye, chumba cha pili, anapiga hesabu ile ile. Basi tunatajana, tunakaa ndani miaka 5 kila mmoja, wakati kimya cha wote wawili kingetugharimu mwaka 1 tu. Hakuna mjinga kati yetu. Kila mmoja amechagua kilicho bora kwake, na wote tumeumia. Mwanahisabati John Nash, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994 pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten, ndiye aliyetupa jina la hali kama hiyo ambapo hakuna anayeweza kujisaidia kwa kubadili uamuzi wake peke yake: tunaiita msawazo wa Nash.

Nikajaribu "matokeo". Nusura lipite. Lakini wanauchumi wanayatenganisha: matokeo ni kilichotokea, kwa mfano "wote wamenyamaza", ambacho ni kimoja kwa wote, ilhali namba ndani ya kisanduku ni jinsi kilichotokea kinavyomgusa kila mmoja kwa nafasi yake. Matokeo ya mechi ni mamoja, lakini mshindi na mshinde hawakupata kitu kimoja. Nikajaribu "malipo", likanirudisha kwenye fedha, na hapo nikakumbuka kwamba namba zile hata si za fedha.

Hili la fedha ni la zamani kuliko nadharia yenyewe. Mwaka 1738 mwanahisabati Daniel Bernoulli aliandika mfano ninaourudia kila nikipata nafasi. Maskini mmoja amepata tiketi ya bahati nasibu: uwezekano nusu kwa nusu, ama dukati 20,000, sarafu za dhahabu za zamani, ama patupu. Wastani wake kwa hesabu ni dukati 10,000. Je, ni mjinga akiiuza kwa 9,000? Bernoulli alisema hapana. Na tajiri akiinunua kwa bei hiyo, naye hakukosea. Tiketi ni moja na namba ni moja, lakini kwa yule maskini dukati 9,000 za uhakika zinabadilisha maisha yote, wakati zile za juu yake zinaongeza kidogo tu. Kwa tajiri, kukosa 9,000 hakumnyimi usingizi. Kwa hiyo unapouliza mtu anapata nini, kiasi cha fedha hakitoshi kuwa jibu. Von Neumann na Morgenstern walitumia wazo la aina hiyo kuweka namba zinazoonyesha mtu anapendelea nini kuliko nini. Na John Maynard Smith na George Price, walipoipeleka nadharia hii kwenye elimu ya wanyama mwaka 1973, hakuna aliyekuwa na pochi: kinachohesabiwa huko ni uzao, mnyama ataacha watoto wangapi nyuma yake.

Kisha wapo watu wa masoko ya fedha, na wao wamelibana neno hadi likawa jembamba kama uzi. Una mkataba wa opsheni unaokupa haki, si wajibu, ya kununua hisa kwa bei ya 100 siku fulani. Mkataba huo umeununua kwa 8. Siku ikifika na hisa ni 130, unainunua kwa 100: tofauti ni 30, na hiyo 30 ndiyo "payoff". Faida yako ni 22, kwa sababu ulishatoa 8. Hisa ikiwa 105, unapata 5 lakini una hasara ya 3. Ikiwa 90, huitumii haki yako. "Payoff" ni sifuri, hasara ni 8. Yaani kwa mwenye mkataba huo haiwezi kushuka chini ya sifuri hata siku moja, ilhali kwa wafungwa wetu haikupanda juu ya sifuri hata mara moja. Mwaka 1973 soko la opsheni lilifunguliwa Chicago, na mwaka huo huo Fischer Black na Myron Scholes wakachapisha kanuni yao ya kukadiria bei ya mikataba hii. Kanuni hiyo inaanzia mwishoni, kwenye kile kitakachopatikana siku ya mwisho, halafu inarudi nyuma hadi bei ya leo. Ukiandika "faida" hapa, mwanafunzi atakosa swali la mtihani, na kosa litakuwa lako.

Nilichokitafuta, basi, ni neno lisilo la fedha, lisilo la heri, linalokubali alama ya kutoa mbele yake, na linalokaa upande wa mtu mmoja mmoja. Likaja lenyewe, nikiwa nasikiliza watu wanazungumza: fulani amepata ajali. Amepata mtoto. Amepata hasara. Amepata kazi. Kitenzi kupata hakibagui! Tunapata homa na tunapata zawadi kwa kitenzi kimoja, na hakuna anayeona ajabu. Mchezo wa bahati tunauita pata potea. Nomino yake, pato, ipo tayari. Nikaandika: "Pato la mtuhumiwa wa pili ni -10." Sentensi ikakaa.

Haikukaa bila ubishi. Mwenzangu anayefundisha uchumi alinikumbusha kwamba pato limeshachukuliwa: tunalo pato la taifa, na "mapato" yameingia kwenye kodi na bajeti. Ana haki. Mtu aliyezoea lugha ya bajeti atasikia fedha. Nimeweka maelezo ya mistari miwili mwanzoni mwa sura, na kila inapowezekana naandika "pato la mchezaji". Kama kuna aliye na neno bora, nitalipokea kwa mikono miwili, maana hili nalitetea kwa sababu nimejaribu mengine yote yakanivunjikia mkononi.

Lakini safari hiyo ilinionyesha jambo ambalo sikulitafuta. Kiingereza kinalitazama tukio kutoka upande wa mtoaji: kuna mtu amelipa, hesabu imefungwa, hata kama mtoaji huyo ni subira au mafunzo. Kiswahili, kinapoachwa kiseme chenyewe, kinahamia kwa mpokeaji: amepata, amevuna, amekula. Hasa amekula. Angalia methali tunazozitoa pale Mwingereza anapotaja "payoff" ya juhudi. Mchumia juani hulia kivulini. Mvumilivu hula mbivu. Zote zinaishia mdomoni. Na kitenzi hicho hicho kinakula hongo, kinakula riba, kinakula hasara, na mtu mwaminifu naye anakula jasho lake.

Mwezi huu ninatafsiri riwaya fupi ambayo bado haijatoka. Ndani yake kuna ofisa aliyepitisha faili za mfanyabiashara mmoja kwa miaka saba bila kuuliza swali. Sura ya tisa inaanza kwa sentensi ya maneno manne ya Kiingereza, inayosema kwamba ndipo ilipokuja "payoff". Nilimwandikia mwandishi nikamuuliza swali la mhariri wangu: nani amempa, na ni nini? Alijibu kwamba anataka msomaji asijue kwanza. Ni bahasha, lakini ofisa mwenyewe anaiona kuwa ni haki ya kusubiri kwake, na mwandishi anataka tuingie kwenye sura tukiwa ndani ya macho yake.

Niliandika "malipo", nikafuta, kwa kuwa yalimtakasa. Niliandika "hongo", nikafuta, kwa kuwa ilimhukumu kabla ya ukurasa kugeuzwa. "Pato" lilinuka darasa. Sasa sentensi inasema: "Ndipo akala." Mhariri ameweka alama ya kuuliza pembeni, na mimi nimemwomba aiache hadi afike mwisho wa sura.